Likizo kubwa: namna tulivyochagua mtaa wa kale wa Ujiji



Mitihani ya mwisho wa mwaka imekaribia, na katika kila mkutano wa Jumamosi mnatuuliza swali lilelile: je, ni kweli likizo kubwa iliyopita mlilala Ujiji na watoto, badala ya kutafuta hoteli ya ufukweni kule Kigoma? Ndiyo, ni kweli. Tulikuwa wamama watano, watatu walimu na wawili wanaouza sokoni, pamoja na watoto kumi na mmoja. Feza tulizitoa katika likelemba yetu, tukizikusanya kidogo kidogo tangu mwezi wa kumi. Wengi mnataka kufanya hivyo mwaka huu, kwa hiyo tumeona heri tuwaeleze tulivyochagua, mahali tulipokosea, na yale ambayo hatukuyatazamia.

Mwanzoni tulitaka kitu kimoja tu: mtaa wa zamani, wenye historia, ambamo watoto wangetembea kwa miguu na kusikia Kiswahili mlangoni. Ufuko tunao hapa Uvira. Mtoto wa Kalundu au wa Kasenga hana haja ya kulipiwa safari ili aone maji.

Majina yaliyotajwa yalikuwa matatu.

La kwanza lilikuwa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nani asiyeutamani? Nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya kuchongwa, vichochoro ambamo gari halipiti. Tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Lakini mtu wa Uvira anayetaka kufika huko lazima kwanza afike Kigoma, kisha apande treni hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, kisha avuke bahari. Tulipopiga hesabu kwa vichwa kumi na sita, tulicheka, tukafunga daftari.

La pili lilikuwa Buyenzi, kule Buja. Hii ni karibu sana: kutoka Uvira hadi Bujumbura hazifiki kilomita 40. Buyenzi ni kartie ya Waswahili tangu zamani za Wabelgiji, wakati mji ulipoitwa bado Usumbura. Wakaaji wake wengi wa kwanza walikuwa na asili ya Ujiji na ya Manyema, yaani ya Kongo yetu. Njia zake zimenyooka, misikiti iko karibu karibu, mafundi wa magari wako kila pembe, na soko la Ruvumera halilali. Mwenye siku mbili tu na feza kidogo aende Buyenzi, hatajuta. Lakini sisi tulikuwa na siku sita, na watoto wetu wengi wanaijua Buja kwa sababu ya shangazi na wajomba.

La tatu lilikuwa Ujiji. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Mwenzetu mmoja, muuzaji wa sokoni, alisema wazi: "Kigoma mimi siendi. Kigoma ni kambi." Wengi wenu mnamwelewa bila maelezo. Vita vilipofika Uvira mwezi wa kumi 1996, yeye alikuwa na miaka tisa. Walivuka ziwa usiku, wakapokelewa Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Alikaa huko miaka. Kwetu neno "kuvuka" halina harufu ya likizo. Mtu akisema "walivuka," tunauliza nani alikufa njiani. Tulinyamaza, tukaahirisha mazungumzo wiki mbili. Baadaye yeye mwenyewe alirudi akasema: "Nitakwenda, lakini nikisema turudi, turudi." Tukakubaliana hivyo.

Sasa kwa nini Ujiji? Kwa sababu Uvira na Ujiji ni ncha mbili za kamba moja. Wazungu Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa pili 1858, na mwezi wa nne mwaka huohuo wakaja hadi Uvira kwa mitumbwi, wakiongozwa na mkubwa mmoja wa kule aliyeitwa Kannena. Walikuta biashara kubwa tayari: wafanyabiashara wa Ujiji walikuja hapa kwetu kutafuta pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti, vyuma, na watu. Ndiyo, watu. Kiswahili tunachowafundishia watoto darasani kilipanda ziwa katika mitumbwi hiyohiyo. Mtoto wa Uvira akiuliza kwa nini anasema Kiswahili wakati babu yake alisema Kifuliru au Kivira, sehemu kubwa ya jibu iko Ujiji.

SAFARI

Tulipita njia ya barabara: Kavimvira, Gatumba, Bujumbura, Rumonge, Nyanza-Lac, Mabanda, mpaka wa Mugina na Manyovu, kisha Kigoma. Kilomita chache kusini ya Buja tulisimama Mugere, kwenye jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-11-1871. Watu wengi hudhani hapo ndipo walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji. Mugere walilala siku mbili tu, walipokuwa wanapanda kaskazini kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakaona unaingia. Mtoto wetu wa miaka kumi alishangaa: "Hawakuweza kuuliza mtu wa Kavimvira?" Tulimwambia waliuliza, lakini walitaka kuona kwa macho.

Mkifika Manyovu, songesheni saa mbele kwa saa moja. Sisi tulisahau, tukakuta dereva wa basi dogo tuliyepatana naye amekwisha kuondoka.

NYUMBA YA KWANZA, NA KOSA LETU

Hapa tunaomba msome polepole, maana ndipo feza zinapopotea.

Mtu mmoja tuliyepewa namba yake alitutumia picha za nyumba nzuri karibu kabisa na maji. Kwetu mtu kama huyo ni komisionere, kule wanamwita dalali. Tulituma avansi kabla ya kuona. Tulipofika, nyumba ilikuwapo, na picha hazikudanganya. Lakini mmoja wetu alipapasa ukuta na kuona mstari wa maji, juu kidogo ya goti, rangi imechubuka chini yake, na choo cha nyuma kimejaa mchanga. Ziwa lilikuwa limeingia humo si zamani.

Sisi watu wa Uvira hatuhitaji kufundishwa. Tuliona Mulongwe mwezi wa nne 2020, usiku ulioondoa nyumba na watu. Tuliona ziwa likipanda 2021, tena 2024, likimeza nyumba za Kalundu hadi Kavimvira. Na bado tulilipa nyumba ya ufukweni bila kuuliza swali moja kuhusu maji! Picha ilitupendeza, basi. Tulikataa kulala pale. Nusu ya avansi tuliirudishiwa baada ya maneno mengi, nusu ikapotea. Tusimlaumu mtu sana: sisi ndio hatukuuliza.

Jioni hiyo, tukiwa na mizigo chini ya mwembe na watoto wakilia njaa, bibi mmoja aliyekuwa anauza maandazi alituuliza tunatoka wapi. Tulipojibu Uvira, aliita mjukuu wake, akasema: "Wapeleke kwangu, wasilale njiani." Lupango lake lilikuwa juu kidogo, mbali na maji, nyumba mbili za vyumba vitatu vitatu, ua katikati, bomba, choo safi, jiko la nje. Tulipatana bei kesho yake. Kwa siku sita, kila familia ililipa kidogo kuliko hoteli moja ya Kigoma ilivyotutajia kwa usiku mmoja.

MTAA WENYEWE

Tuseme kweli, ili mtu asije akatulaumu: Ujiji si Zanzibar. Leo ni sehemu ya manispaa ya Kigoma-Ujiji, karibu kilomita 10 toka stesheni ya Kigoma. Nyumba nyingi ni za chini, za udongo au tofali, mabati yenye kutu. Anayetafuta milango mikubwa ya kuchongwa atapata michache. Uzuri wake uko penginepo. Miembe ni mikubwa na ya zamani, kivuli hakikosekani. Mbele ya nyumba kuna baraza, na jioni watu hukaa hapo. Watu wa hapo wengi ni Waislamu, na adhana ya alfajiri iliwaamsha watoto wetu kabla yetu. Huko ufukoni, kwenye mwalo kama wanavyoita, mafundi wanaunda boti za mbao kwa mkono, kwa misumari, pamba na mafuta, hakuna mashine ya umeme. Watoto wa kiume walitaka kukaa huko siku nzima.

Somo kubwa la siku ya kwanza lilikuwa la adabu. Watoto wetu walipita mbele ya wazee wakisema "jambo mama, jambo papa," kama tunavyowafundisha hapa. Wazee walijibu vizuri, lakini bibi mwenye nyumba aliwakalisha kwenye mkeka, akawaambia: hapa mkubwa huamkiwa "shikamoo," naye hujibu "marahaba." Baada ya siku mbili walikuwa wanamkimbilia kila mzee ili wasikie "marahaba" tu.

Sokoni, kicheko kingine. Tuliomba ndagala, wakatupa dagaa: kitu kilekile. Tuliomba mikeke, hawakuelewa, hadi tulipoonyesha kwa kidole: "Aa, migebuka!" Samaki mmoja, ziwa moja, majina mawili. Sombe letu wanaliita kisamvu, bugali letu ni ugali. Binti yetu wa mwaka wa sita aliandika orodha katika daftari lake, akafikisha maneno 43. Hiyo ni kazi ya likizo ambayo hatukumpa.

Siku moja tulikwenda Kigoma mjini kuona stesheni iliyojengwa na Wajerumani, mwisho wa reli iliyofika hapo 1914 kutoka Dar es Salaam. Inapendeza, lakini nusu siku inatosha.

CHINI YA MWEMBE

Siku ya tatu tulikwenda mahali pa kumbukumbu ya Livingstone. Pana mnara wa mawe, nyumba ya makumbusho, na miembe ambayo inasemwa imetokana na ule wa asili, ambao chini yake Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ndani kuna sanamu za wale wawili wakivua kofia. Watoto waliuliza kwa nini mnara uko mbali na maji, kama mtu alifika kwa ziwa. Jibu ni zuri: wakati ule ziwa lilikuwa juu zaidi, kwa sababu mto Lukuga, kule Kalemie, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Karibu mwaka 1878 maji yalijifungulia njia, ziwa likashuka kwa miaka kadhaa, mita nyingi. Mwenye kujua hilo hatashangaa ziwa likirudi kudai uwanja wake, wala hatajenga mlangoni pake.

Kisha msichana wetu mmoja, mwenye miaka kumi na miwili, aliuliza: "Hawa wawili tunajua majina yao. Na wale waliofungwa minyororo kutoka kwetu, waliitwa nani?"

Barabara ya misafara ilianzia hapo, ikapita Tabora, ikaishia Bagamoyo kwenye bahari. Tanzania imeiandikisha 2006 katika orodha ya mahali inapoomba UNESCO ipatambue. Miembe tuliyokuwa tunaifurahia kwa kivuli chake, watu waliofungwa shingo walipita chini ya miembe kama hiyo. Walitoka Manyema, na walitoka kwetu, pande hizi za kaskazini, ambako baadaye watu wa Rumaliza walishambulia vijiji hadi walipovunjwa nguvu mwaka 1894. Majina yao wengi hayakuandikwa.

Lakini sisi walimu tulikuwa na jina moja, nalo ni la mwanamke. Katika nyumba ya Livingstone pale Ujiji, aliyepika aliitwa Halima. Siku Stanley alipofika, Halima ndiye aliyehangaika jikoni. Alikuwa mtumwa. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba Halima hakuiba kamwe, wala hakumruhusu mumewe kuiba, na kwamba atamweka huru na kumnunulia nyumba na bustani kule Zanzibar. Livingstone alikufa 1873 kabla ya kufika huko. Halima alikuwa miongoni mwa wale walioisindikiza maiti yake, pamoja na Susi na Chuma, mwendo wa miezi hadi Bagamoyo.

Tuliwaeleza watoto hayo tukiwa tumekaa chini ya mwembe. Hakuna aliyecheza. Yule msichana akasema: "Basi aliahidiwa nyumba." Tukasema ndiyo. Akauliza kama aliipata. Tulimwambia kwamba aliyeahidi hakuwa hai tena kumpa.

Wakati huo mwenzetu, yule wa Nyarugusu, alikuwa amesimama peke yake akitazama upande wa ziwa. Tulidhani sasa atasema turudi. Jioni, wakati tunaosha sahani, alianza kusema mwenyewe, mbele ya watoto wake wawili. Aliwaeleza namna mama yake alivyobeba sufuria kichwani ndani ya boti bila kuiachia usiku kucha, kwa sababu ndani yake mlikuwa karatasi zote za nyumba. Aliwaeleza mwanamke wa Kigoma ambaye hawakumjua, aliyewapa uji asubuhi ile. Watoto wake hawakuwa wamesikia hayo hata siku moja. Bibi mwenye nyumba alisikiliza, kisha akasema: "Mwaka ule hata sisi tulipika uji." Hakuongeza neno. Hatuwezi kusema kwamba ni yeye aliyewapa. Lakini mwenzetu alilala vizuri usiku huo, na siku zilizobaki ni yeye aliyetembeza watoto.

Ndiyo maana tunasema: mtaa wa kale usiuchague kwa kuwa unapendeza tu. Uchague kama uko tayari kuwaambia watoto habari zake zote, tamu na chungu. Kama hauko tayari, hoteli ya ufukweni inatosha, na hakuna ubaya.

MASHAURI KWA WANAOJIANDAA

Usitume avansi kabla mtu unayemwamini hajaingia ndani ya nyumba. Aulize: maji ya ziwa au ya mto yalifika wapi miaka ya karibuni? Apapase kuta. Atazame choo na bomba, si sebule tu.

Chagueni nyumba yenye ua na jiko. Watoto hula mara nyingi, na chakula cha mgahawa kinamaliza mfuko.

Karatasi: ulizeni DGM mapema, kabla ya kununua tiketi, na msitegemee habari za jirani. Chukueni kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya kila mmoja. Mama anayesafiri na watoto bila papa yao, awe na karatasi ya ruhusa yenye sahihi. Mmoja wetu alikaa saa mbili mpakani kwa kukosa sahihi moja.

Chukueni vyandarua. Malaria haiendi likizo.

Vaeni kikwembe na kitambaa cha kujifunika mabega mnapopita mitaani. Tuliona heshima hiyo inafungua milango.

Feza: badilisheni kidogo tu mpakani, zinazotosha siku ya kwanza. Noti za dola zenye mpasuko acheni nyumbani.

Na kabla ya kuondoka, fanyeni jambo moja lisilo na gharama. Watoto wetu waliporudi, waliuliza habari za Uvira yenyewe: nani alikaa Kasenga kwanza, bandari ya Kalundu ilianza lini, mti mkubwa wa kartie yao ulipandwa na nani. Tuliona aibu, maana maswali mengi hatukuweza kuyajibu. Kwa hiyo tunaomba kila familia inayokwenda safari mwaka huu imtembelee kwanza bibi mmoja mzee wa kartie yake, pamoja na watoto na daftari, wakae naye jioni moja. Bebeni sukari kidogo.

Jumamosi ijayo, baada ya hesabu za likelemba, tutakaa na wote wanaotaka kwenda Ujiji au Buyenzi, tugawane namba za watu tuliowaona kwa macho na tupange vikundi. Yule mwenzetu wa sokoni ndiye atakayeongoza kikundi cha Ujiji. Ameomba mwenyewe.